Tashtiti ya Watawala wa Kiimla katika Tamthilia za Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya watazamaji, walimu wa fasihi na waandishi chipukizi wanaotaka kuelewa jinsi televisheni inavyowacheka watawala wasiotaka kuchekwa. Mfano mkuu ni tamthilia ya The Regime ya mwaka 2024, lakini Nairobi, Moscow na Damascus zitatajwa pia, kwa kuwa huko waliocheka walicheka huku mtawala mwenyewe akiwa bado yuko ikulu.

Tashtiti ni nini hasa, na ina tofauti gani na vichekesho vya kawaida?

Tashtiti ni kazi ya sanaa inayotumia kicheko ili kuanika uovu au upumbavu wa watu wenye uwezo wa kuwadhuru wengine. Kichekesho cha kawaida hutosheka mtazamaji akishacheka, ilhali tashtiti haitosheki mpaka mtazamaji ajue anamcheka nani na kwa kosa gani. Waliokulia katika hekaya za Abunuwasi wameizoea tangu utotoni, kwa kuwa kila sultani anapomtegea Abunuwasi mtego, mtego huo humnasa sultani mwenyewe mbele ya mawaziri wake.

Matusi ni jambo jingine. Kumwita rais mnene au mzee hakumfunulii mtu yeyote jinsi nchi inavyoendeshwa, na ninaamini kwamba kazi zinazotegemea maumbile ya mtu humsaidia mtawala, kwa sababu humpa nafasi ya kuonekana ameonewa.

Kwa nini watawala wa kiimla huigizika vizuri sana kwenye televisheni?

Kwa sababu wao ndio waliotangulia kuigiza kwenye televisheni hiyo hiyo. Katika Zaire ya Mobutu Sese Seko, taarifa ya habari ya jioni ilifunguliwa kwa picha ya uso wake ukishuka kutoka mawinguni, hivyo kwamba familia iliyoketi sebuleni ikingoja habari za nchi yake ilimwona kwanza rais akiteremka kama mtu atokaye mbinguni. Vazi lilikuwepo, ile kofia ya ngozi ya chui, fimbo ilikuwepo, na hadhira ilikuwepo, ingawa haikuwa na ruhusa ya kuonyesha kwamba imechoka.

Katika Kenya ya Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, taarifa ya habari ya shirika la serikali ilizoea kuanza na "Mtukufu Rais", hata siku ambayo hakufanya jambo lolote kubwa, na habari nyingine zikangoja zamu. Mwaka 1984 Moi aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, akieleza kwamba naye enzi za Mzee Kenyatta hakuimba wimbo mwingine ila wa Kenyatta. Hakuna mwandishi wa tamthilia angeweza kumtungia maneno yaliyo wazi kuliko hayo.

Kwa hiyo mtunzi wa kwanza wa tamthilia hii ni mtawala mwenyewe. Mwandishi wa tashtiti huja baadaye, akachukua vazi lile lile na sauti ile ile, kisha akawarudishia watazamaji ruhusa waliyonyang'anywa.

Je, waandishi hawatii chumvi kupita kiasi?

Mara nyingi hupunguza. Idi Amin wa Uganda alijitangazia cheo cha Mshindi wa Dola la Uingereza. Saparmurat Niyazov wa Turkmenistan alibadilisha majina ya miezi mwaka 2002, Januari ikapewa jina lake la sifa na Aprili ikapewa jina la mama yake, na sanamu yake ya dhahabu katika mji mkuu wa Ashgabat ilikuwa ikizunguka ili uso wake uelekee jua. Mwandishi akiyaweka haya yote katika sehemu moja ya tamthilia, mtazamaji asiyeijua historia atasema amezidisha.

The Regime inahusu nini?

Ni tamthilia ya sehemu sita iliyoundwa na Will Tracy, ikaongozwa na Stephen Frears na Jessica Hobbs, na ikaanza kuonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani tarehe 3 Machi 2024. Kate Winslet anaigiza Elena Vernham, Kansela wa nchi isiyotajwa jina katika Ulaya ya Kati. Zamani alikuwa daktari. Sasa amejifungia ndani ya kasri kwa hofu kwamba kuta zimeota kuvu na kwamba hewa anayoivuta itamuua. Hushuka kuzungumza na maiti ya baba yake, ambayo imehifadhiwa katika jeneza la kioo.

Mwanzoni mwa hadithi analetwa kasrini koplo mmoja, Herbert Zubak, anayeigizwa na Matthias Schoenaerts. Zubak ametoka kushiriki katika kuwapiga risasi waandamanaji kwenye mgodi wa kobalti, na kazi anayopewa ni kumtangulia Kansela kila aendako, akiwa na kifaa cha kupimia unyevunyevu wa hewa. Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mwanajeshi mwenye mwili mkubwa, ambaye mikono yake imetoka kuua, anatembea polepole katika vyumba vya fahari akiwa ameinua kifaa kidogo mbele yake, na watu wazima wenye elimu na vyeo wanaingoja namba atakayoisoma. Hofu ya mtu mmoja imekwisha kuwa idara ya serikali, yenye mtumishi wake na vifaa vyake. Kwangu mimi tamthilia nzima imo ndani ya kifaa kile, na waigizaji wamefanya vyema kutolifanyia mzaha tendo hilo, bali kulitenda kwa uzito wote wa kazi ya ofisi.

Elena Vernham ni nani katika ulimwengu halisi?

Si mtu mmoja. Maiti ndani ya kioo inamkumbusha mtazamaji mwili wa Lenin uliowekwa hadharani Moscow tangu 1924, na hatua ya Kansela ya kulitwaa eneo la jirani inakumbusha Crimea, iliyotwaliwa na Urusi kutoka Ukraine mwaka 2014, lakini mhusika huyu hakuchorwa kutokana na rais yeyote mmoja.

Kuinyima nchi jina kuna faida iliyo wazi, kwa sababu mtazamaji wa nchi yoyote anaweza kumtia mtawala wake mahali pale. Kuna hasara pia, nayo mimi naiona kubwa. Nchi isiyo na jina haina raia wanaoketi mbele ya televisheni wakimtambua mtu wao. Haina gazeti la kesho yake, wala polisi watakaogonga mlango wa mwandishi. Kazi ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana, na The Regime ina sehemu nzuri sana, lakini haipaswi kupimwa kwa mizani ile ile tunayowapimia waliomwigiza rais wao akiwa hai na akiwa na jeshi.

Kobalti inaingiaje katika hadithi hii?

Katika tamthilia, madini hayo ndiyo sababu ya Wamarekani kuivumilia serikali ya Kansela, na mgodi ndiko damu ilikomwagika kabla hadithi haijaanza. Katika ulimwengu halisi, zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya mgodini na ya mtaani. Mtazamaji wa Kolwezi, mji wa migodi huko Lualaba, ana haki ya kuuliza wachimbaji wako wapi katika sehemu sita za hadithi inayoendeshwa na jasho lao. Wanatajwa, wanapigwa risasi, kisha kamera inarudi kasrini. Najua kwamba tashtiti hii imekusudiwa kuwa ya kasri, lakini nasikitika kwamba kasri limeonyeshwa kwa ukamilifu na mgodi ukabaki kuwa habari ya kusimuliwa tu.

Kwa nini wapambe huchekesha kuliko mtawala mwenyewe?

Kwa sababu mtawala hana haja ya kubahatisha, wao ndio wanaobahatisha. Yeye akikohoa, waliomzunguka hawana budi kuamua kwa pamoja na bila kusemezana kama kikohozi hicho ni ugonjwa, hasira au amri. Siku hizi Tanzania watu wa namna hii huitwa chawa, neno lililoenea kwa sababu linaeleza barabara jinsi mtu anavyoishi kwa kung'ang'ania mwili wa mwingine, lakini wapambe wa mtawala wa kiimla wana jambo moja zaidi: wanaogopa. Kicheko tunachokicheka kinatokana na hofu yao, na mwandishi akiisahau hofu hiyo wapambe hubaki kuwa wapumbavu tu, na kazi nzima ikalegea.

Historia yenyewe ina mfano ulio mzito kuliko mchezo. Machi 1953 Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovyeti, alianguka chumbani mwake kwa kiharusi, na walinzi wake walikaa saa nyingi nje bila kuthubutu kuingia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameitwa. Mwongozaji Armando Iannucci aliitengenezea mada hiyo filamu, The Death of Stalin ya mwaka 2017, na Januari 2018 serikali ya Urusi ikaiondolea kibali cha kuonyeshwa, miaka 64 na ushei baada ya mazishi.

Nani alianza kumwigiza rais hadharani kwenye televisheni ya Kenya?

Wanaokumbukwa zaidi ni vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, maarufu kwa jina la Nyambane, John Kiarie anayeitwa KJ, na Tony Njuguna. Kundi lao la Redykyulass lilifika televisheni mwishoni mwa miaka ya 1990, Moi akiwa bado madarakani, na Nyambane akasimama mbele ya kamera na rungu mkononi akiitoa ile sauti ya kukwaruza ambayo Wakenya waliisikia kila jioni kwa zaidi ya miaka 20.

Aliyezaliwa baadaye huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Nakumbuka watu wazima waliotazama kipindi hicho wakitupa jicho mlangoni kwanza, ndipo wacheke. Kilichowashangaza hakikuwa maneno yaliyosemwa, ambayo mengine yalikuwa ya kawaida kabisa. Walishangaa kwamba sauti ile ilitoka katika kinywa kingine na usiku ule hakuna kilichotokea. Sauti iliyokuwa mali ya serikali ilianza kusikika kwenye viwanja vya shule, kwenye matatu na nyumbani wakati wa chakula.

Kwa nini The XYZ Show ilitumia vikaragosi badala ya waigizaji?

Aliyeianzisha ni mchoraji wa katuni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam na kufanyia kazi Nairobi kwa miaka mingi. Alivutiwa na Les Guignols de l'info cha Ufaransa, kilichoanza 1988, na nyuma ya hicho kilikuwepo Spitting Image cha Uingereza cha mwaka 1984. The XYZ Show ilianza kuonyeshwa na televisheni ya Citizen mwaka 2009, katika umbo la taarifa ya habari inayosomwa na kikaragosi aliyepewa jina la Keff Joinange, na Mkenya yeyote anajua kwamba aliyegeuziwa herufi ni mtangazaji Jeff Koinange.

Kikaragosi cha mpira kina uwezo ambao mwigizaji hana. Mchoraji huchagua jambo moja katika uso wa mtu, kope nzito au taya, akalikuza, na tangu siku hiyo mtazamaji akimwona mwanasiasa halisi analiona jambo hilo kwanza. Umbo la taarifa ya habari nalo lilichaguliwa vizuri, kwa kuwa ndilo umbo lile lile ambalo enzi ya Moi ilikuwa imelifanya madhabahu yake.

Watawala huchukua hatua gani wanapochekwa?

Mfano ulio kamili kuliko yote ni wa Urusi. Kipindi cha vikaragosi kilichoitwa Kukly kilianza mwaka 1994 katika kituo cha NTV, na mwandishi wake mkuu alikuwa Viktor Shenderovich. Mwaka 1995 kilifunguliwa kesi ya jinai kwa kumwonyesha Boris Yeltsin na waziri mkuu wake kama ombaomba, lakini kesi hiyo ilikufa na kipindi kikaendelea. Mapema mwaka 2000 kilimwonyesha Vladimir Putin kama kibushuti wa hadithi ya kale ya Hoffmann, mwandishi wa Kijerumani, ambaye kwa uchawi kila mtu humwona mzuri na mwenye akili, na safari hii mambo hayakupoa. Wasomi wa chuo kikuu cha St Petersburg walitia sahihi barua ya kutaka watengenezaji washtakiwe.

Kisha kituo kikapata ujumbe kwamba kikaragosi cha mkuu wa nchi kiondolewe. Shenderovich alitii agizo hilo, na namna alivyotii ndiyo inayonifanya nimheshimu hadi leo. Mei 2000 aliandika sehemu iliyofuata kisa cha Musa na Amri Kumi, ambamo Putin haonekani kabisa. Kilele cha mlima pana wingu na kichaka kinachowaka moto, na mkuu wa ofisi ya rais anashuka na mbao za amri na kuwaeleza watu kwamba jina la anayezungumza huko juu halitajwi, bali hufupishwa kwa herufi mbili za Kirusi zinazosomeka pia kama kifupisho cha usalama wa taifa. Mobutu alijiweka mwenyewe mawinguni na akataka asadikiwe. Shenderovich alimweka Putin mawinguni kwa sababu alikatazwa kumwonyesha penginepo, na kila mtazamaji alielewa. Aprili 2001 kampuni ya gesi ya Gazprom iliichukua NTV, na mwaka 2002 Kukly ikaisha.

Je, kicheko hakimsaidii mtawala kwa kuwapunguzia watu hasira?

Wasyria wana neno la jambo hili, tanfis, yaani kutoa hewa kidogo ili chombo kisipasuke. Shina lake ni lile lile tulilolipata sisi katika "kutanafusi". Mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Bashar al-Assad kurithi kiti cha baba yake, televisheni ilianza kuonyesha Buq'at Daw', mfululizo wa vipande vifupi vilivyowacheka maofisa, rushwa na hata idara za usalama. Vilipita kwenye udhibiti, na wengi waliamini kwamba vilipitishwa kwa makusudi ili watu watanafusi na kurudi kulala.

Silikatai wazo hilo. Dalili yake ni kwamba tashtiti inaruhusiwa kumgusa karani, mkurugenzi, pengine waziri, ila kamwe haimgusi mwenye picha ukutani. Lakini ingekuwa kicheko ni cha kutoa hewa tu, watawala wangekilinda daima, na sivyo walivyofanya. Agosti 2011 mchoraji Ali Ferzat, aliyekuwa ameanza kumchora Assad mwenyewe, alikamatwa barabarani Damascus na watu waliofunika nyuso, wakamvunja mikono.

Waigizaji wa tashtiti huweza kuwa wanasiasa?

Ndiyo. Volodymyr Zelensky aliigiza mwalimu wa historia anayechaguliwa kuwa rais katika Mtumishi wa Watu, tamthilia iliyoanza Ukraine mwaka 2015, na Aprili 2019 akachaguliwa kuwa rais kweli. KJ wa Redykyulass alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017.

Hali ya kisheria ikoje Afrika Mashariki?

Inatofautiana sana. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa kisanaa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria ya adhabu kilichofanya kuidhalilisha mamlaka ya mtumishi wa umma kuwa kosa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi kwa kusambaza picha aliyobadilishana uso na Rais Magufuli. Uganda, Julai 2020, wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa kipande kifupi kilichowataka watu wawaombee viongozi, kikiwataja wakuu wa vyombo vya dola wanaotoka upande mmoja wa nchi. Hawakumtukana mtu, waliorodhesha vyeo na majina.

Ni halali kucheka mahali palipouawa watu?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote hapa. Jibu langu ni kwamba muuaji anaweza kuchekwa, na aliyemwandikia hotuba anaweza kuchekwa, lakini aliyeuawa hachekwi, wala mamake. Mwandishi anayejua anachokifanya hukata kicheko ghafla pale maiti inapoingia katika hadithi, ili mtazamaji ashtuke kwamba alikuwa akicheka dakika moja iliyopita.

Kiswahili kina tamthilia za namna hii?

Kwenye jukwaa na vitabuni, zipo za kutosha. Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, inamhusu Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anayelifunga Soko la Chapakazi huku akitaka Sudi mchongaji amchongee kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru. Sudi anakataa. Pembeni ya Majoka yuko Kenga, mshauri wake, ambaye ni mpambe aliyeandikwa kwa ustadi mkubwa. Televisheni zetu zina vichekesho vingi vya familia na vya mahakamani, na natamani kwa dhati kuona kazi kama Kigogo ikipewa sehemu sita, kasri lake, soko lake na bajeti yake, kwa Kiswahili kilekile cha Chapakazi.

Nikitaka kujifunza kuandika tashtiti hii, nianzie wapi?

Soma Kigogo, kisha tazama sehemu ya kwanza ya The Regime mara mbili. Mara ya kwanza mfuate Kansela. Mara ya pili usimtazame kabisa. Watazame wale waliosimama kando ya kuta Zubak anapopita na kifaa chake, uandike katika daftari kila mmoja wao anafanya nini na mikono yake.